Kugawanya kwa Ishirini

Mwezi wetu wa kwanza Mbeya, mume wangu aliugua ugonjwa wa kugawanya. Akiambiwa kilo ya mchele wa Kyela ni elfu tatu, macho yanapanda juu, midomo inachezacheza, kisha ananinong'oneza: "Mia na hamsini." Bajaji elfu mbili: "Mia hiyo." Sabuni, soksi, umeme wa luku, hata sadaka ya Ijumaa aliigawanya kabla ya kuitia kwenye sanduku. Ilikuwa Mei 2022, na shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikienda kwa ishirini hivi za Tanzania. Hesabu yenyewe nyepesi: futa sifuri moja, kata nusu.

Nilikuwa nikimcheka. Lakini nami nilikuwa nagawanya, tena vibaya kuliko yeye. Yeye aligawanya pesa tu. Mimi niligawanya baridi ya Mbeya kwa joto la Mombasa, maneno yao kwa maneno yetu, majirani wao kwa majirani wetu wa Majengo, na jibu likatoka lile lile kila mara: kwetu ni bora. Mtu anaweza kukaa ugenini mwaka mzima na jibu hilo mfukoni akarudi nalo halijachubuka.

Kilichotupeleka ni parachichi. Bwana ni fundi wa mitambo ya baridi. Miaka yote nimemjua akinuka gesi ya majokofu na samaki, maana kazi yake ilikuwa kwenye maghala ya samaki karibu na bandari. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Njombe hadi Rungwe, watu wamepanda parachichi za kuuza nje kwa wingi, zile ndogo zenye ganda la vipele linalogeuka jeusi, na penye parachichi za meli panahitajika vyumba vya baridi. Tunda hili lina tabia yake: haliivi mtini. Linaanza kuiva likishachumwa. Ukiliweka kwenye nyuzi 5 hivi linalala. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikagoma, linaamka, na likishaamka hulibembelezi tena. Kwa hiyo walimtaka mtu wa kulinda usingizi wa matunda kwa miezi 14. Watoto wetu wote wameshaanza maisha yao. Mimi nilikuwa nimestaafu mapema baada ya kufundisha Kiswahili shule za msingi kwa miaka 27. Kibali changu kilisema mtegemezi, haruhusiwi kufanya kazi. Nikakisoma mara mbili. Tangu niolewe sikuwahi kuwa mtegemezi wa mtu.

Njiani sina mengi ya kusimulia. Tulivuka Lungalunga na Horohoro, tukalala Morogoro, tukapita Mikumi tukaona swala na matako ya tembo mmoja, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni. Tulipomaliza kupanda Kitonga abiria wakaanza kufunga madirisha mmoja mmoja bila kuambiana. Makambako mtu wa kiti cha mbele akatoa koti kubwa begini. Bwana akanitazama. Sisi tulikuwa na kanga na shuka la basi.

Nyumba tulipata Ilomba kupitia dalali, aliyechukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mombasa tunalipa mwezi kwa mwezi, tukishindwa tunakimbizana. Bwana aligawanya ile miezi sita usiku kucha. Kisha barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mjumbe akaja kutuona kwa macho, kisha tukawa wapangaji. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sabini na kitu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mjane, anakaa nyumba ya mbele. Mtaa mzima unamwita Bibi, nasi tukamwita Bibi.

Nataka niseme juu ya ile baridi. Kuna neno kipupwe. Nimelifundisha miaka 27: majira ya baridi, Juni hadi Agosti, andika kwenye daftari, litungie sentensi. Mombasa kipupwe maana yake ni upepo mwanana, ukiamka alfajiri unajivutia shuka. Mbeya, mwezi wa Juni, niliamka nikaona pumzi ya mume wangu inatoka puani kama moshi wa buli, nikajua kumbe nilikuwa nafundisha kitu nisichokijua.

Usiku wa pili wa baridi kali tukafanya ujinga. Tulikuwa tumepikia jiko la mkaa barazani, makaa bado mekundu, tukaona ni dhambi kuyaacha yazimike nje ilhali ndani mifupa inagongana. Tukaliingiza jiko chumbani, tukafunga dirisha, tukaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Joto lilikuja zuri. Usiku wa manane nikaamka kichwa kinapasuka, tumbo linapanda, miguu si yangu. Nikamtikisa bwana, akajibu maneno ambayo si lugha. Namshukuru Mungu kwamba mlango ulikuwa hatua tatu tu. Tulikaa barazani tumefunikwa na godoro, tunatapika kwa zamu, hadi Bibi akatoka na tochi.

Hakutupa pole, si mwanzoni. Alizima jiko kwa maji, akafungua dirisha, akasimama mbele ya bwana wangu, mtu mzima wa miaka 57: "Baba, Mombasa hamna baridi, sawa. Akili je, hamna?" Ndipo akaleta chai. Bwana alikuwa akijua. Hilo ndilo lililomuumiza. Mtu wa mitambo anajua kwamba mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni. Anaijua kazini, na kazini angemfukuza kibarua aliyefanya alichokifanya yeye. Nyumbani alikuwa mtu aliyesikia baridi. Kesho yake tulikwenda Mwanjelwa kwenye mitumba tukanunua masweta manne, makoti mawili na blanketi zito, na kwa mara ya kwanza hakugawanya.

Lakini aibu yangu kubwa ilikuwa ya lugha. Sisi watu wa pwani tunadhani Kiswahili kilizaliwa uani kwetu, na mimi mwalimu zaidi. Wiki ya kwanza nilikwenda genge la jirani nikasema, "Nipe tungule za ishirini." Binti akanitazama kwa huruma. Tungule? Nikamwonyesha kwa kidole. "Aaa, nyanya, mama." Na hiyo ishirini nayo ilikuwa ya Kenya, mdomo ulikuwa haujavuka mpaka. Siku nyingine mjukuu wa Bibi yuko getini, nikataka kumtuma dukani, nikamwita kwa Kimvita changu, Kiswahili cha Mombasa, kama ninavyowaita wajukuu wangu: "Ndoo! Ndoo hapa!" Mtoto akakimbilia nyuma ya nyumba. Akarudi na ndoo. Nikamwambia siyo, ndoo! Akarudi tena, akaleta kubwa zaidi. Bibi alicheka hadi akakaa chini, na nilipomweleza kwamba kwetu ndoo ni njoo, na kuteka ni kucheka, akasema, "Basi mimi hapa nateka, mwanangu, na ndoo ninayo." Kuanzia hapo jina langu mtaani likawa Mama Ndoo. Wachache waliniita Mama Mombasa, wale wenye heshima.

Lile la nipe lilichukua muda zaidi. Duka la pembeni aliuza kijana mpole. Ninaingia: "Nipe sukari kilo moja." Anajibu, "Salama mama, na wewe?" Sikuelewa mara ya kwanza. Wala ya pili. Ya tatu nikaona hasogei mpaka amalize kujibu salamu ambayo sikumpa. Sasa, mtu wa Mombasa hakosi adabu, nasi tuna masalkheri zetu, lakini dukani tuna haraka, na nipe si tusi. Pale neno ni naomba. Naomba sukari, naomba chenji, naomba kupita. Nilipoanza kulitumia nilihisi naigiza, kama mwanafunzi anayesoma mazungumzo ya kitabuni. Baada ya miezi miwili lilikuwa limeshanihamia. Bwana aliliona kabla yangu: "Siku hizi unaniomba chumvi. Zamani ulikuwa unaniamuru."

Na hapo niseme jambo la sisi wawili. Mombasa tulikuwa tunapishana. Yeye zamu za usiku, mimi alfajiri shuleni na jioni madaftari ya kusahihisha, mwisho wa wiki harusi za watu, hitima za watu, wageni wa watu. Mbeya hatukuwa na wa kwetu hata mmoja. Anatoka saa moja, anarudi saa kumi na moja, na jioni yote ni yetu. Wiki za mwanzo ilikuwa inatisha. Tunakaa barazani, jiko nje safari hii, tunachoma mahindi, tunautazama mlima Loleza ukigeuka kutoka kijani kuwa bluu, na hatuna la kusema. Siku moja namwekea chai nikatia vijiko vitatu vya sukari kama kawaida, akasema taratibu, "Mimi huwa napenda viwili." Tangu lini? "Tangu zamani." Tulioana 1996. Nilipiga hesabu ya vijiko vya ziada alivyokunywa bila kusema, nikashindwa, nikacheka, kisha nikakasirika, kisha nikamwuliza kuna nini kingine. Kilikuwepo. Maongezi yale yalituchukua karibu Juni nzima, na mengine hayaandikiki hapa.

Jumamosi ikawa siku yetu ya soko. Tulipanda daladala hadi Igawilo, mbele ya Uyole, kwa sababu bwana alikuwa amesikia huko vitu vinashuka moja kwa moja kutoka mashambani. Ndizi za Rungwe mikungu kwa mikungu, magimbi, karoti zenye udongo, kabichi kubwa kama kichwa cha ndama, na viazi. Viazi havipimwi kwa mizani hapo bali kwa sado, ile ndoo ndogo ya rangi ya nyumba, na uhodari wa muuzaji uko kwenye kilele: anajaza, anapanga, anajengea juu ya ukingo kama mwashi. Ukishalipa, nyongeza. Asiyejua kuomba nyongeza anaonekana ana kiburi. Wa jumla wana lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo na kushonewa kofia juu, mkulima analipwa gunia moja akiwa ametoa moja na robo au zaidi. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na mimi nimeyaona magunia yenye kofia mchana kweupe. Bwana, mtu wa vipimo, lilimkera sana jambo hili kuliko lilivyowakera wenyewe. Mkulima mmoja alimwambia, "Mzee, pole na majukumu," kwa namna ambayo hatukujua kama ni shukrani au ni kuombwa tuondoke.

Jikoni nilianza upya. Maharage ya Mbeya matamu, lakini nilichemsha saa nne yakabaki na moyo mgumu. Nililaumu maharage, nikalaumu mkaa, nikalaumu sufuria. Bwana akaniambia tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 ya Mombasa. Nachochea moto bure, maji hayapandi zaidi ya hapo. Alisema kwa furaha ya mtu aliyesubiri miaka aulizwe. Dawa ni kuloweka usiku kucha na kuwa na subira, au kununua sufuria ya presha. Mahamri nayo yalinigomea. Unga na hiliki na tui la nazi iliyosafiri kuliko mimi, hamira ile ile, nikakanda saa mbili usiku, asubuhi donge limelala vile vile kama jiwe la kinu. Kwa baridi ile hamira inasinzia kama parachichi. Nikajifunza kuufunika unga kwa sweta na kuuweka karibu na jiko (nje, nje), na kuuacha kwa muda wa saa sita badala ya mbili.

Ya kwanza yaliyoumuka vizuri yalikuwa thelathini na kitu. Sisi ni wawili. Kuuza siruhusiwi. Nikapeleka sahani kwa Bibi, sahani kwa binti wa genge, sahani kwa jirani wa ukuta wa kulia aliyekuwa bado hajatuzoea. Sahani kumbe hairudi tupu. Ya Bibi ilirudi na mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage. Ya genge ilirudi na nyanya, na kipande cha tangawizi. Jirani wa ukutani alikaa na sahani yangu siku nne, nikaanza kunung'unika, siku ya tano akaja na maziwa mgando lita mbili na mtoto wake wa kike ajifunze kukanda. Niliwapa mahamri kila wiki mbili, na vitu vikarudi: magimbi, mayai ya kienyeji, kikapu cha parachichi zile kubwa za kienyeji zisizouzwa nje. Jioni moja bwana alijaribu kuyapigia hesabu. Mayai sita, mahamri kumi, maziwa lita mbili, agawanye kwa ngapi? Akakaa na kalamu. Bibi, aliyekuwa amekuja kuomba kiberiti, akamwuliza, "Baba, hesabu hiyo utakula lini?"

Majirani walituchukua kabisa Septemba, kwa msiba. Mzee wa nyumba ya tatu alifariki, na mjumbe akapita na daftari la michango. Tukatoa. Nikadhani yameisha. Bibi akaja na khanga mbili na kisu: "Twende." Nilikaa siku tatu kwenye mkeka na wanawake wa mtaa tunamenya viazi na ndizi hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, kwaya inaimba upande wa pili, na hakuna aliyeniuliza mbona siimbi. Siku ya maziko asubuhi wazee wakaja kwetu, wakaketi, wakazunguka kwa maneno, mwishowe: wanaomba mzee wa Mombasa awachinjie ng'ombe, maana wa msikiti waliyemzoea amesafiri, nao wanataka wageni wote wale bila kusita. Bwana wangu maishani kachinja kuku. Aliniangalia. Nikageuza uso. Akaenda kutawadha, akavua sweta, akaazima kisu, na nikasikia baadaye kwamba vijana walimshika ng'ombe vizuri na mkono haukutetemeka. Yeye asema ulitetemeka. Tangu hapo hapakuwa na kipaimara wala Krismasi wala harusi mtaani pasipo yeye kugongewa mlango, na hakurudi siku hata moja bila kipande cha nyama kwenye mfuko.

Mvua za huko ni za mkupuo mmoja. Mombasa tuna masika na vuli. Mbeya inaanza Novemba na haijui kuacha hadi Aprili. Bibi alitupa kipande cha uani, hatua kumi kwa sita, akasema kisikae bure. Bwana, aliyezaliwa Kisauni kwenye ua wa saruji, akanunua jembe. Alipanda mbegu za viazi kwa kamba na kipimo, akainulia matuta kwa pembe sawa, na kila jioni akirudi anakwenda kusimama mbele yake na buti zake za kazini. Januari, kwenye mvua nzito, majani ya upande wa chini yakaanza madoa meusi, siku tatu yakalala kama yamemwagiwa maji ya moto. Ukungu. Bibi alimwonya apulize dawa mapema. Alikuwa anasubiri kuona kama ni lazima. Nusu iliondoka. Nusu iliyobaki tulichimba Februari tukapata ndoo mbili na kitu. Sijawahi kumwona anashika kitu kama alivyoshika kile kiazi cha kwanza, anakifuta udongo kwa kidole gumba. Tulivichemsha na chumvi tu. Tulivila vimoto barazani, na ndoo moja ikaenda kwa Bibi kwa sababu udongo ni wake.

Kutembea tulitembea. Tulikwenda kukitazama kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma la tani zipatazo 16 lililolala kilimani kama kiboko. Tulikwenda Daraja la Mungu kule Kiwira, ambapo mwamba wenyewe umevuka mto. Matema tuliogelea Ziwa Nyasa, nikaonja kwa ulimi nione kama kweli halina chumvi, na nikanunua chungu cha Wakisi ambacho kilivunjika Chalinze wakati wa kurudi nyumbani. Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, tulipanda Februari kutoka Chimala kwenye zile kona 57, mimi nimefumba macho kuanzia ya tisa, na maua yalikuwa mengi kuliko nilivyoambiwa. Picha ninazo. Lakini wanaonitembelea wakiniuliza Mbeya ilikuwaje, mdomo unaanza na viazi.

Ramadhani ilitukuta huko, Machi 2023. Siku ya kwanza nimepanga tende, kaimati, uji wa pilipili manga, televisheni iko kwenye kituo cha Dar es Salaam. Adhana ikalia. Bwana akanyosha mkono kwenye tende, mimi mkono kwenye maji, na mjukuu wa Bibi, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kaimati na si dini yake, akasema: "Mbona jua bado lipo?" Tukatoka nje. Jua lilikuwa limekaa juu ya bega la mlima, halina habari nasi. Dar iko mashariki ya Mbeya kwa nyuzi karibu 6 za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika 4 za jua. Dakika 24 tulizokaa tukizitazama zile tende ndizo ndefu kuliko zote nilizofunga. Saa ya ukutani inasema Dar na Mbeya ni mamoja. Tumbo linajua si mamoja. Kuanzia siku ya pili tulizima televisheni tukafuata msikiti wa mtaa, na kaimati za yule mtoto nikawa namtengea mapema, kwa kuwa yeye hana sababu ya kungoja.

Ni katika mwezi huo nilipogundua bwana hagawanyi tena. Tulikuwa Igawilo, kanunua sado mbili za viazi na mkungu mdogo wa ndizi, kalipa, kaomba nyongeza, kapewa, tukaondoka. Nikamwuliza, ni ngapi hizo za nyumbani? Akasema shilingi yetu imeshuka, siku hizi inakaribia kumi na saba, na nani awezaye kugawanya kwa kumi na saba akiwa amebeba mkungu? Nikanyamaza. Mimi nilishaacha kabla yake ila sikujua ni lini.

Mkataba uliisha Julai, katikati ya kipupwe kile kile. Bibi alitupa debe la viazi ambalo basi lilitutoza kama abiria. Wanawake walionifunza kumenya ndizi walinipa khanga, na yule mtoto aliniletea ndoo, ndogo ya plastiki, mpya, akaniambia ni ya kuniita. Bibi hakutoka nje. Alisimama mlangoni, sisi tukiwa kwenye bajaji, akainua mkono. Nikasema alichonifundisha, ndaga fijo, asante sana. Akajibu kwa Kimvita: "Ndoo tena."

Wiki ya kwanza Mombasa nilitoka jasho mpaka nikaona haya. Nikaenda Kongowea, sokoni, nikasimama mbele ya mama aliyepanga maparachichi. "Salaam aleikum. Habari za asubuhi? Naomba kujua, hili moja ni bei gani?" Akanitazama kama nimetoka kuzimu. "Avokado? Thelathini." Nikanyanyua macho juu, midomo ikaanza kucheza yenyewe. Thelathini mara kumi na saba. Mia tano na kumi.

"Mia tano!" nikasema kwa sauti. "Kwa parachichi moja!"

"Mama," akasema, "nimekwambia thelathini."